Mwenyekiti Akimfariji Bibi Mmoja

1 Novemba 1987

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote wanne. Mimi nipo. Miguu tu inanisumbua kwa kusimama kutwa. Ukiiondoa miguu, sina la kumlalamikia Mungu. Binti yangu amefaulu, anaanza chuo cha ualimu Januari. Alipopata habari alilia, nikamuuliza kama analia kwa furaha au kwa kuwahurumia wanafunzi wake.

Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tumeletewa mashine mpya, kubwa kama kabati la bibi harusi. Fundi aliyekuja kuifunga alituhubiria asubuhi nzima tusiiogope. Siku ya tatu ikatapika maji mpaka koridoni, na wa kwanza kukimbia alikuwa yeye.

Sasa, Mwenyekiti. (Nasikia bado unaongoza kamati ya kutembelea wagonjwa na wazee. Hongera.) Nataka habari za Mama Mdogo. Barua iliyopita uliandika, "Mama Mdogo hajambo, anakusalimu." Ya kabla yake uliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, nikadhani umenakili. Nieleze kama mtu anayemweleza mtu. Analala chumba gani? Ule mkono wa kulia umepata nguvu tangu apooze? Anakula mwenyewe? Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe hata kutambaa ulikuwa hujajua. Mgongo uliokubeba ni wake. Wewe hukumbuki, lakini mimi nilikuwa natembea nyuma yenu.

Nasubiri.

Dada yako


29 Novemba 1987

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na imetuchekesha, hasa habari za fundi. Hongera kwa mwanetu. Mwambie mjomba wake anamshonea viatu vya kwendea chuoni, anitumie tu mchoro wa unyayo wake kwenye karatasi. Dukani kazi imeanza kuwa nyingi. Wazazi wanaleta viatu vya shule vya mwaka jana wakitaka viongezeke urefu, kana kwamba ngozi inakua pamoja na mtoto.

Kanisani tunajiandaa kwa Krismasi. Kwaya inafanya mazoezi kila jioni. Tuna mchungaji mpya, kijana, ana bidii sana. Ameamua mwaka huu kamati yetu iende kwenye nyumba ya wazee iliyo ng'ambo ya mto. Mimi nilipendekeza wodi ya watoto, maana watoto wanahitaji furaha zaidi, lakini alisema wodi ya watoto inapata wageni wengi. Basi, tutaona.

Mama Mdogo hajambo, anakusalimu. Chumba chake ni kile cha nyuma, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Mkono bado. Kula anakula. Mke wangu anajitahidi, ila unajua mambo ya nyumba na watoto. Mtu huchoka, na akichoka maneno humtoka. Silalamiki.

Nakutakia maandalizi mema ya kuzaliwa kwa Bwana.

Mdogo wako


13 Desemba 1987

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo naandika kwa haraka, nimeegemea meza ya kupigia pasi.

Umesema chumba cha nyuma. Nimefurahi kujua ana dirisha. Ninafikiri kumwandikia yeye mwenyewe, mumsomee. Nitumie anwani yako ileile, au kuna nyingine?

Mlete kwenye ibada ya Krismasi, hata kama ni kwa kubebwa na kiti. Na unitumie picha kama kila mwaka. Mwaka huu nataka na yeye awemo.

Krismasi njema kwenu nyote. Mimi nitakuwa zamu. Wagonjwa hawaachi kulowesha shuka kwa sababu Bwana amezaliwa.

Dada yako


9 Januari 1988

Dada,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Sisi ni wazima. Krismasi ilikwenda vizuri. Mvua ilinyesha asubuhi, lakini kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za madhabahu. Kwaya iliimba nyimbo sita. Baada ya ibada tulikwenda kule kwa wazee kama nilivyokueleza, tukasoma Neno, tukagawa mablanketi na sabuni. Wazee walifurahi.

Picha hazikutoka. Mpiga picha anasema filamu iliingia mwanga.

Mama Mdogo nilimwona siku ya Krismasi. Alikuwa amechangamka.

Viatu vya mwanetu nimeshavikata, bado kushona. Nina kazi nyingi, naomba uniwie radhi kwa ufupi wa barua.

Mdogo wako


24 Januari 1988

Mdogo wangu,

Umeandika, "nilimwona."

Mimi naishi jengo moja na wafuaji wenzangu wanane. Sijawahi kumwandikia mtu kwamba siku ya Krismasi niliwaona. Nikiishi na mtu nasema alikula kitu gani, alinuna kwa ajili ya nini, alipiga chafya mara ngapi wakati wa sala.

Nakuuliza mara moja tu, na kama hutaki kujibu usijibu. Mama Mdogo yuko wapi?

Dada yako


20 Machi 1988

Dada,

Shikamoo, ingawa safari iliyopita hukuniitikia.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nimeibeba kwenye mfuko wa shati mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa cha kufutia viatu. Nimeanza kukujibu mara nne. Kila mara nilianza na habari za watoto, nikifika kwake naweka kalamu chini na kukumbuka kwamba kuna gundi inakauka. Leo naanza na yeye.

Mama Mdogo hayuko kwangu. Ana mwaka na miezi minne hayuko kwangu. Yuko kwenye ile nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka dukani. Nilimpeleka mimi.

Na kabla sijaendelea nifute neno nililoandika Novemba. Nilikufanya udhani mke wangu alimchoka. Si kweli. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumbadilisha, na siku nilipomtoa alishika mlango wa gari akasema, "Usifanye hivi. Utashindwa kulibeba." Nikamwambia ni kwa wiki chache. Kule alikwenda kumwona mara mbili, nikamkataza, nikihofia watu wa kanisa watamkuta njiani na kumuuliza anatoka wapi. Ndiye mwanaume uliyenaye kama ndugu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa mwezi uleule. Mchungaji mkuu, kutoka makao makuu ya kanisa letu, akaja na mkewe kula chakula cha mchana nyumbani kwetu. Tulitandika kitambaa cheupe, nikavaa tai. Mama Mdogo nilimwacha chumbani kwake nikafunga mlango kwa nje. Umesoma vizuri, kwa nje. Tumeanza kula, binti yetu wa pili akaenda akamfungulia. Alitoka akiburuta mguu, gauni limelowa mbele na nyuma, akaja akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, karibu kabisa na mke wa mchungaji, akasema, "Bwana asifiwe."

Harufu ikajaa chumba. Mchungaji mkuu akamjibu, "Amina, mama," akamsogezea sahani. Mkewe akamuuliza amelalaje. Wao hawakuona jambo. Aliyeona ni mimi. Nilisimama nikafungua madirisha yote manne, moja baada ya jingine, kwa nguvu, huku namtazama yeye. Naye alinitazama nikifungua mpaka la mwisho. Hakula.

Wiki iliyofuata nikampeleka. Kanisani nilisema amehamia kwako. Watu hawakuwa wakimjua sana, maana alipoletwa kutoka nyumbani alikuwa mgonjwa tayari na ibadani sikuwahi kumpeleka. Watoto niliwaambia hivyo hivyo: Bibi ameenda kwa shangazi. Kwako nikaandika yuko kwangu. Mwanzoni nilikuwa nakwenda kila Jumapili jioni, baadaye mara moja kwa mwezi, baadaye nikaenda Pasaka. Baada ya Pasaka ya mwaka jana sikukanyaga tena mpaka Krismasi, na Krismasi sikwenda kwa hiari yangu, nilipelekwa na kwaya.

Tulikuwa watu ishirini na mmoja, na gitaa na ngoma mbili. Msimamizi wa kule anayenijua alikuwa likizo. Nilipoambiwa hivyo getini nilimshukuru Mungu. Hebu fikiria, dada. Nilimshukuru Mungu, tena siku hiyo. Kisha nikasimama mlangoni nikasoma yale maneno ya Bwana kuhusu waliokuwa wagonjwa wakatazamwa. Nina sauti nzuri ya kusoma, kila mtu anasema.

Nilikuwa nimejipanga kubaki upande wa wanaume. Mchungaji akanishika bega: "Mwenyekiti, tufuatane kwa akina mama. Wewe utagawa mablanketi."

Vitanda kumi na viwili. Yeye alikuwa cha mwisho. Nilipofika cha kumi aliniona. Dada, niliuona mdomo wake ukianza kujipanga kutamka Kidevu, lile jina alilonipa utotoni, hakuna mwingine anayeniita hivyo. Kisha akanitazama usoni. Sijui aliona nini usoni kwangu. Hapana, najua. Akafunga mdomo. Akatutazama sote, akasema kwa ule usemi wake wa polepole wa sasa, "Karibuni, wageni."

Mchungaji akasema, "Mama, huyu ni mwenyekiti wetu. Amekuletea blanketi."

"Asante, mwenyekiti. Una watoto?"

"Ninao, mama. Wanne."

"Hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wa mwisho anasema?"

"Anasema. Anaimba siku nzima."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Na wa pili? Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Anaambilika?"

"Haambiliki, mama."

"Mwacheni hivyo hivyo," akasema. "Na mkeo umsalimie. Mwambie kuna bibi mmoja anamsalimu."

Wenzangu wakafurahi sana kuona bibi amechangamka. Mchungaji akaninong'oneza, "Una kipaji." Kumbe alikuwa anaulizia wajukuu wake kwa njia pekee niliyomwachia. Mpiga picha akatuambia tusogeane. Nikaushika ule mkono usio na nguvu, nikatabasamu, akapiga.

Picha ilitoka. Ilitoka vizuri kuliko zote. Iko kwenye ubao wa kanisa, na chini yake mtu ameandika kwa taipureta: "Mwenyekiti akimfariji bibi mmoja." Kila Jumapili napita mbele yake nikienda kukusanya sadaka.

Tuliimba nyimbo tatu tukaondoka. Sikugeuka nyuma. Mama Mdogo alinikana ili nisiaibike, nami nikakubali kukanwa, nikapokea na sifa juu yake.

Tangu siku hiyo nimefika lile geti mara tatu. Mara zote tatu nimerudi dukani.

Sikuombi unisamehe. Nimekujibu tu ulichouliza.

Mdogo wako


6 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Marahaba. Safari iliyopita niliacha kwa makusudi.

Barua yako imefika siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu. Niliisoma nimesimama kati ya mapipa ya sabuni, nikaimaliza, nikaanza upya. Mwenzangu wa zamu aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Wewe umeandika ukweli wako wote, nami nikijifanya nimeshtuka nitakuwa mwovu kuliko wewe. Kwa hiyo sikiliza. Nilikuwa najua.

Februari ya mwaka jana nilipata barua kutoka kwa msimamizi wa nyumba ile. Aliandika kwa niaba ya Mama Mdogo, ambaye alimtajia jina la hospitali yetu na kazi yangu, na barua ikanipata. Ilikuwa fupi. Ilisema mama yupo pale, anatunzwa, hana lawama na mtu, na ana ombi moja tu: nikipata likizo, nipite anione. Hakukusema wewe vibaya hata kwa nusu neno. Aliandikisha kwamba nyumba yako ni ndogo na una mambo mengi ya kanisa.

Ile barua niliisoma mara moja, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaifunga. Hadi leo haijajibiwa. Tangu siku hiyo nikawa nakuandikia wewe: Mama Mdogo anaendeleaje? Analala chumba gani? Nilikuwa nakutega. Nilitaka unidanganye kwa maandishi, niwe na karatasi mkononi. Na kila ulipoandika "hajambo, anakusalimu" nilikukasirikia, na chini ya hasira nilipumua. Kosa lilikuwa limebaki kwako. Mimi nilikuwa nimedanganywa tu, maskini dada wa watu.

Nilijiambia siwezi kwenda kwa sababu likizo ni fupi na basi linachukua siku mbili. Nilijiambia nikimwona nitalazimika kumchukua, nami naishi chumba kimoja cha wafanyakazi, kitanda kimoja. Hizo ni sababu za kumwambia mchungaji. Ya kweli ni hii: kwa miaka kumi na tisa nafua shuka za mama za watu. Kila asubuhi. Mikono yangu inazijua. Na sikutaka kufika mahali nikute ya mama yangu.

Likizo nimepata mara mbili tangu ile barua. Zote mbili nilikwenda kwa rafiki yangu pwani ya ziwa, nikakutumia salamu.

Ijumaa Kuu nilikaa kanisani benchi la nyuma. Wenzangu wote walikwenda kupokea meza ya Bwana, mimi nikabaki nimeshika benchi la mbele yangu kama mtu aliye ndani ya gari bovu.

Ile picha nitumie. Usiniandikie kitu kingine chochote mpaka uvuke lile geti.

Dada yako


8 Mei 1988

Dada,

Shikamoo. Nimevuka.

Niliisoma barua yako pamoja na mke wangu. Aliikunja, kisha akasema, "Haya, mko wawili. Simama twende." Ilikuwa Jumatano, duka nikalifunga mchana, wateja wakishangaa. Tulimchukua na yule binti asiyeambilika, maana yeye ndiye aliyenibana: "Kumbe Bibi hayuko kwa shangazi?" Nikamwambia hayuko. Akaniuliza, "Nani alisema yuko?" Nikamwambia ni mimi. Akaenda kuvaa viatu.

Mama Mdogo alikuwa ameketi kitandani. Safari hii alisema, "Kidevu," kama vile nilitoka kununua chumvi nikachelewa. Mtoto akapanda kitandani bila kuvua viatu. Mke wangu akamkumbatia wakalia wote wawili, mimi nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilipiga magoti nikaanza, "Mama, siku ile ya Krismasi..." Akanikatiza: "Inuka, sakafu ya hapa ina maji. Wamepiga deki sasa hivi."

Nikasema sitainuka. Akasema, "Basi sema upesi."

Nikasema yote. Nikamwambia na la mlango niliofunga kwa nje. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa najua unaona haya. Sikujua kama ni haya ya mimi au ya wewe mwenyewe. Nilikaa nalo hilo. Sasa nimejua." Ni hayo tu. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kuuliza.

Nikamwambia tumekuja kumchukua, chumba kimepakwa chokaa, kitanda kipo. Akakataa. Aliniambia mbele ya mke wangu, bila kupandisha sauti: "Hapa nikilowesha, anakuja mtu ananibadilisha, anaondoka. Hakuna anayefungua madirisha." Dada, nilitamani ile sakafu yenye maji inimeze. Mke wangu akamshika mkono akamwambia hayatatokea tena. Akasema, "Najua. Lakini mimi nitakuwa nayasubiri." Kisha akatuonyesha bibi wa kitanda cha jirani, ambaye haoni, akasema ni yeye Mama Mdogo anayemsimulia nani ameingia na nani ametoka, na akiondoka yule mwenzake atabaki gizani kabisa. "Ila njooni," akasema. "Njooni siku isiyo na wimbo."

Tunakwenda kila Jumatano. Mguu wake wa kulia umevimba kuliko wa kushoto na viatu vya pale vinambana, basi nimempima nikamtengenezea jozi ambayo haifanani, cha kulia kipana. Nilipomvalisha aliniambia mshono wa kushoto umekwenda upande. Ni kweli umekwenda upande.

La kanisani. Kwenye kikao cha wazee nilisimama nikasema: yule bibi wa kwenye picha ni mama yangu aliyenilea, nilimficha, niliwadanganya kwamba yuko kwa dada yangu. Mtu mmoja alikohoa. Kisha katibu akasoma ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa rangi ya mabenchi, na kwa dakika arobaini tukajadili kahawia na kijivu. Sijawahi kuona watu wakiyapenda mabenchi kiasi kile. Baada ya kikao mchungaji alinifuata nje. Nikamwambia najiuzulu kamati. Akasema, "Wa kuandikiwa barua ya kujiuzulu ni wazee wote, si mimi peke yangu. Kaa nyuma mwaka mmoja. Nenda kwa mama yako kama mtu wa kawaida." Halafu akaniuliza siku yangu ya kwenda kule ni ipi. Nikamwambia Jumatano. Jumatano iliyofuata alikuja, peke yake, bila kitabu, akakaa na yule bibi asiyeona.

Wako wanaonipita njiani sasa bila salamu. Wateja wawili wamehamisha viatu vyao. Siwalaumu.

Picha ndiyo hii. Niliibandua mwenyewe. Maandishi ya chini nimeyaacha.

Amekuulizia. Nikasema unafua.

Mdogo wako


22 Mei 1988

Mdogo wangu,

Marahaba. Ile picha naitazama kila siku. Wewe umetabasamu, yeye anaitazama kamera kama mtu anayesubiri daktari amalize kumpima. Amekonda. Kichwani nilikuwa bado nina picha yake ile ya mwili mkubwa, enzi tulipokuwa tukimtania kwamba ni mdogo kwa jina tu.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nitafika Jumamosi tarehe 11 Juni, kwa basi la asubuhi. Usije kunipokea. Nionyeshe tu njia kwa maneno, nitakwenda kwake moja kwa moja na mzigo wangu, maana nikikwambia nitapumzika kwanza kwako najua nitapata sababu ya kupumzika mpaka likizo iishe.

Mwambie nakuja. Usimwambie kwa nini sikuja mwanzo. Hilo nitalisema mimi. Nimelijaribu mbele ya kioo cha bafu la wafanyakazi na kila mara linatoka kama ninajitetea.

Kama hataki kuniona, niandikie upesi. Nitaelewa. Pengine, Mungu anisamehe, natumaini kidogo kwamba hatataka.

Dada yako


2 Juni 1988

Dada,

Shikamoo. Naandika hii nikiwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wazee, juu ya goti, nitaiposti nikirudi. Sijui kama itakuwahi kabla hujapanda basi.

Jana Jumatano nilizuiliwa na homa ya mtoto, amepona, kwa hiyo nimekuja leo. Njia ni hii: ukishuka kituoni fuata barabara ya lami mpaka darajani, vuka, pinda kushoto kwenye ukuta mrefu mweupe. Geti ni la kijani. Hakuna haja ya kupiga hodi, sukuma tu. Wodi ya akina mama ni mlango wa pili.

Nimemwambia unakuja. Alikuwa anamsimulia mwenzake habari za mvua. Akaiacha mvua katikati.

"Nani?"

"Dada, mama. Binti yako mkubwa."

"Anakuja na kwaya?"

"Hapana, mama. Anakuja peke yake."

Akafikiri. Nikaogopa, maana sikujua kama nikuandikie uje au usije. Akauliza, "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na yeye anafika lini?"

"Jumamosi. Si hii, ijayo."

Akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe kitana. Kiko chini ya mto."

Nikampa. Akafungua kitambaa cha kichwani kwa mkono ule mmoja, nywele zote nyeupe, akaanza kuchana, polepole, akianzia nyuma ya sikio. Nikataka kumsaidia, akasogeza kichwa. Yule bibi asiyeona akauliza kuna nini, akamjibu, "Nina mgeni wangu mimi mwenyewe."

Nikamwambia, "Mama, bado siku tisa."

Akasema, "Kuhesabu najua," akaendelea kuchana.

Mdogo wako